Fomu ya Tisini na Moja

Basi la Mbeya lilikuwa linaondoka Sumbawanga saa nne asubuhi, na Lutengano aliagiza tukutane saa mbili darasani kwangu. Hakusema nyumbani. Mtu aliyepeleka posa, posa ikapokelewa, hamwiti mchumba wake kwenye madawati ya watoto wa darasa la tatu. Ujumbe wenyewe niliupata kwa Mwalimu Eustaki, mshenga wetu, ambaye aliusema huku akitazama viatu vyake. Basi nikavaa sweta langu la kijani, nikanawa uso mara mbili, nikaenda. Mimi si mtu wa kujidanganya, lakini asubuhi ile nilijidanganya kidogo njiani.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Juni, mwaka wa sabini na saba. Shule ilikuwa imefungwa na upepo wa Ufipa ulikuwa ukiingia madirishani bila hodi. Nilimkuta amejikunja kwenye dawati la mbele, magoti yamekaribia kidevu, na mbele yake rundo la fomu limefungwa kwa kamba ya katani.

"Umeamkaje, mwalimu?" alisema.

"Leo mwalimu? Jumatano niliitwa mpenzi."

Hakucheka. Zamani angecheka mpaka akohoe.

Niseme kwanza jinsi fomu zile zilivyoingia katika maisha yangu, maana zisingekuwa hizo, mimi na Lutengano tusingejuana wala kuachana. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha kupiga picha za sinema, Dar es Salaam. Alitakiwa atengeneze picha yake mwenyewe ya dakika kumi. Mwenzangu alifikiri atapewa kamera na mkanda, aende zake. Mwalimu wake akamwuliza swali moja tu: picha hiyo ni ya nani? Lutengano akajibu ni ya wananchi wote. Mwalimu akamwambia, "Picha ya watu wote haina mwenyewe. Nenda ukaulize watu mia moja, uniletee jina la mtazamaji wako. Bila hivyo mkanda hupati."

Akachagua Ufipa kwa sababu hakuna aliyetaka kuja huku. Kifipa hakukijua hata cha kuombea maji, kwani yeye ni Mnyakyusa wa Rungwe. Mwalimu mkuu akamwambia, yupo Klementina, binti wa Mzee Polikarp, anafundisha darasa la tatu na mdomo anao. Ndivyo nilivyopewa kazi ya kumtafsiria.

Majuma matatu tulitembea. Mitaa ya Chanji, hapa mjini, tuliizunguka nyumba kwa nyumba. Tulipanda lori la mahindi tukashuka mpaka Muze, masikio yakaziba kwa ule mteremko. Watu wakampa jina, Bwana Maswali. Maswali yenyewe yalikuwa sita tu: umri wako, kazi yako, umewahi kuiona sinema wapi, ungependa kutazama ukiwa umekaa na nani, lugha gani, na la sita, ni kitu gani ungependa kukiona kwenye picha. Hilo la sita ndilo lililokuwa likitupa maneno. Mama mmoja wa Muze, Margareth, alifikiri kwa muda mrefu akasema, "Nataka kuona mwanamke aliyekaa." Tukamwuliza, aliyekaa akifanya nini? Akasema, "Aliyekaa tu." Lutengano alilirudia jibu lile njia nzima ya kurudi, na mimi ndipo nilipompenda. Mwanamume anayebeba maneno ya mama asiyemjua kilomita zote zile hawezi kuwa mtu mbaya. Hata leo sijasema kwamba ni mtu mbaya.

Alinifundisha pia kuuliza. Sisi tumelelewa kwamba msichana akisema na mkubwa, macho chini. Siku ya kwanza niliuliza maswali yote sita nikitazama vidole vyangu.

"Mtazame mtu usoni," Lutengano aliniambia. "Macho yanajibu kabla ya mdomo. Ukiinama, nusu ya jibu imekupita."

"Kwetu ni utovu wa adabu."

"Kwenye kazi hii ndiyo adabu yenyewe."

Nilijizoeza kwake yeye kwanza. Tuliketi ukingo wa shamba la ulezi, tunatazamana kama majogoo, atakayecheka wa kwanza ameshindwa. Nilishindwa siku tatu. Siku ya nne hakuna aliyecheka, na wala hatukuwa tunafanya mazoezi tena.

Jumapili iliyofuata, Mwalimu Eustaki alileta jembe la posa nyumbani. Baba alinung'unika kidogo kwamba kwao ni mbali na wao si Wakatoliki, lakini jembe alilipokea, akaliweka juu ya kabati. Ikabaki baba yake Lutengano, Mzee Ndimyake, aje kutoka Rungwe wazungumzie ng'ombe. Barua ilisema angefika Jumamosi. Alhamisi Lutengano akashuka tena Muze kumalizia fomu zake, mimi nikabaki kumalizia za Chanji.

Nyumba ya mwisho kwenye orodha yangu ilikuwa ya karani mmoja wa idara ya maji, bwana Sadoki. Yeye hakuwepo. Barazani nilimkuta mzee mgeni, amejifunika blanketi la rangi ya kahawia, anaota jua. Uso mzuri, nywele nyeupe pepepe. Nikaona heri nimwulize yeye, maana fomu tulitakiwa kumjazia mtu yeyote tutakayemkuta. Nikaandika juu ya karatasi: tisini na moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndaga. Karibu kwenye jua, huku kwenu baridi inauma kuliko kwetu."

Lile "ndaga", asante ya kwao, lilinifurahisha, kwa kuwa Lutengano naye huniambia hivyo nikimpa maji. Lakini Wanyakyusa wako tele mjini, kila ofisi na wa kwake. Nikauliza maswali yangu nikimtazama usoni kama nilivyofundishwa, naye alinijibu kwa raha. Sinema aliwahi kuiona Tukuyu, gari la sinema lilipokuja uwanjani. Alicheka mpaka blanketi likamwanguka akinisimulia jinsi wazee walivyokimbia treni ya kwenye kitambaa.

"Ungependa kutazama ukiwa umekaa na nani, mzee?"

"Na wazee wenzangu. Wajukuu pia. Wakwe, hapana."

Fomu haikuwa na nafasi ya kuuliza kwa nini. Nikaandika, "wazee, wajukuu", nikapita. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku darasani, na mimi mwalimu wao nikapita.

"Na ni kitu gani ungependa kukiona kwenye picha?"

Akaliokota blanketi, akajifunika tena. Kisha akasema taratibu, ili niwahi kuandika, "Mwanangu anaoa katika mji huu huu. Wanamsifu sana huyo binti. Nimesafiri siku mbili kwa ajili yake na nitaondoka bila kumwona. Andika hivyo. Mimi ningependa kumwona mkwe wangu, hata mara moja, kwenye picha. Kwenye picha haidhuru."

Mkono wangu uliacha kuandika.

"Mwanao anaitwa nani, mzee?"

"Lutengano."

Ee Mungu, ile furaha! Nilifikiri amekuja mapema, amekosa wa kumwelekeza, anakata tamaa kwa uzee wake. Nikapiga magoti, nikaishika mikono yake yote miwili, nikamtazama machoni kwa upendo wote niliokuwa nao.

"Baba," nilisema, "mbona umekwisha kumwona? Ndiye mimi."

Aliichomoa mikono yake kama mtu aliyeshika sufuria jikoni. Akalivuta blanketi mpaka juu ya kichwa, akageukia ukuta, na humo ndani ya blanketi nikamsikia anasema maneno ya kwao kwa sauti ya kutetemeka. Mke wa Sadoki alitoka mbio, akanivuta kwa mkono mpaka barabarani. "Usimtazame! Nenda, mama, nenda! Hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Usilolijua ni usiku wa giza, na giza langu lilinikuta saa tano mchana, kwenye jua.

Ilibidi yule mama anieleze pale pale barabarani. Kwao, tangu posa ipokelewe, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Akipita njia hii, wewe unashika ile. Mkikutana kwa bahati mbaya, mnafunika uso. Wala si chuki, ni heshima, tena ni heshima kubwa kuliko zote. Mzee Ndimyake ni mzee wa kanisa, anasoma Biblia kila asubuhi, lakini hilo hakuliacha mlangoni mwa kanisa. Na mimi nilikuwa nimemshika mikono.

Sasa Jumamosi ile, darasani, nikamwuliza Lutengano swali nililolala nalo siku mbili.

"Uliwauliza watu mia moja wangependa kukaa na nani. Mimi ulishindwa nini kuniambia?"

"Nilikuwa nikuambie Ijumaa. Nilijua baba anafika Jumamosi."

"Majuma matatu tumetembea pamoja, ukasubiri Ijumaa?"

"Niliona aibu, Klementina." Alikuwa anafungua na kufunga ile kamba ya katani. "Nilidhani utacheka. Useme, huyu kijana wa sinema, kwao wanafichana kwenye migomba."

"Ningecheka, ndiyo. Halafu ningejificha."

Akainamisha kichwa juu ya dawati. Nilitamani kukishika kile kichwa, na nilimkasirikia vilevile. Mambo yote mawili yalikuwa ndani yangu kwa wakati mmoja, hakuna lililomsukuma mwenzake.

"Baba hakukasirika," alisema. "Anakusifu, ndiyo inayoniumiza. Anasema hajapata kuulizwa vizuri vile. Alichoomba ni kidogo. Mbuzi mmoja, pombe kidogo, ukae siku mbili ndani kwa Sadoki umejifunika, akina mama wakufunde, basi, yaishe."

"Najua alichoomba. Nilikuwepo Eustaki alipokileta."

Nilikuwepo nyuma ya mlango, jana yake jioni. Baba yangu alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Kisha akasema, "Binti yangu alimwamkia mzee kwa magoti. Tangu lini shikamoo ikasafishwa kwa mbuzi?"

"Mzee Polikarp, ni mila yao tu," Eustaki alimsihi.

"Na mimi nina yangu. Akikubali kusafishwa, amekubali kwamba alikuwa mchafu. Kesho wakigombana na mumewe ataambiwa, wewe si ndiye uliyesafishwa?"

Nilitoka nyuma ya mlango. "Baba, mimi nakubali. Siku mbili si kitu."

Hakunipandishia sauti. Afadhali angefoka. "Wewe utakubali leo kwa sababu unampenda. Mimi sikukulea miaka ishirini na miwili uanze ndoa kwa kuomba radhi ya heshima yako." Akanyoosha mkono, akalishusha jembe kutoka juu ya kabati, akamkabidhi Eustaki. Mama alikuwa anapembua maharage. Aliendelea kupembua, na maharage mazuri akayatupa na mabovu.

Mnaona basi? Sina hata mtu wa kumlaumu. Mzee Ndimyake alikuwa na haki, baba yangu alikuwa na haki, na katikati yao hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata sindano.

"Wewe unasemaje?" nilimwuliza Lutengano. "Umewasikia wazee wote. Wewe je?"

"Mimi ni mtoto wa mtu, Klementina."

"Kila mtu ni mtoto wa mtu. Nimekuuliza unasemaje."

Nje, mikaratusi ilikuwa inavuma.

"Basi niseme mimi," nikasema, na aibu niliiweka kando, maana ilikuwa saa tatu kasoro. "Nitakuja nawe. Nina sweta, nina cheti changu cha ualimu, sihitaji kingine. Sema neno moja nipande basi hilo."

Akainua macho. Ndiyo mara ya kwanza asubuhi hiyo alinitazama kama alivyonifundisha mwenyewe, na kwa kitambo kidogo nikaamini atalisema. Midomo ilifunguka kabisa.

"Baba yumo kwenye basi hilo," alisema.

Nilielewa. Basi la Mbeya ni moja kwa siku, viti vyake vinahesabika. Mkwe hawezi kukaa ndani ya bodi moja na baba mkwe kutwa nzima. Na kama si mkwe, ningepanda kama nani? Hata kutoroka kwetu kulikuwa na mlango mmoja, na mlangoni amekaa yeye.

"Tutapanda la kesho," nilisema.

"Baba hajui barabara peke yake. Macho yake…" Nilijua hapo kwamba hata kesho ingekuwa na sababu yake, na keshokutwa yake. Si kwamba hakunipenda. Alinipenda kwa moyo wote, lakini miguu yake ilikuwa ya baba yake.

Akaanza kuhesabu fomu, nafikiri ili apate pa kuweka macho.

"Imepungua moja," alisema. "Tisini na moja."

Niliitoa kifuani mwa sweta. Tangu Alhamisi sikuiacha mbali. Aliikunjua, akaisoma, na alipofika swali la sita akasoma kwa sauti bila kujua kwamba anasoma kwa sauti: "Ningependa kumwona mkwe wangu, hata mara moja, kwenye picha. Kwenye picha haidhuru." Machozi yakamdondoka juu ya mwandiko wangu.

"Nimempata," alisema. "Mtazamaji wangu. Mwalimu wangu alitaka jina la mtu mmoja, ndiye huyu. Nikipewa mkanda nitarudi hapa Desemba, nitakupiga picha ukifundisha, ukitembea, ukicheka. Nitaipeleka Rungwe, nitamketisha mbele ya kitambaa. Akutazame mpaka achoke."

"Atanitazama kama nani?"

Akaikunja ile fomu.

"Alitaka kumwona mkwe wake, Lutengano. Jembe limerudi. Umepata mtazamaji, lakini wa kutazamwa huna tena."

Ndipo akanishika mkono ghafla. "Halijarudi! Eustaki amelipeleka stendi asubuhi hii, anamsubiri baba pale. Hajalipokea bado. Mzee akikataa kulipokea, posa haijavunjika, wewe bado ni mkwe wake, na baba yako atalazimika kuzungumza tena. Baba yangu anakupenda, nakwambia. Anaweza kulikataa."

"Nitajuaje?"

"Utajua tu ukimkaribia. Kama bado ni mkwe, atafunika uso."

Tuliondoka mbio. Nilikimbia na viatu mkononi, mwalimu mzima, mbele ya wazazi wa watoto ninaowafundisha, na Lutengano nyuma yangu na mabegi yake na lile rundo. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kumwomba Mungu vile nilivyomwomba njia nzima. Afunike uso. Bwana, anigeuzie mgongo. Asinitazame.

Stendi ilikuwa imejaa. Kondakta alikuwa juu ya keria anafunga matenga ya samaki, migebuka iliyotoka Kipili, injini inanguruma. Nilimwona Eustaki kwanza, amesimama karibu na mlango wa basi, mikono mitupu. Nikasema moyoni, mikono mitupu si kitu, huenda ameliweka chini.

Kisha nikamwona Mzee Ndimyake. Alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, blanketi lake la kahawia mabegani, na kwapani amebana kitu kirefu kilichofungwa kwenye gunia. Nilipunguza mwendo. Hatua kumi. Hatua tano. Blanketi lilikuwa pale pale mabegani, lingetosha kuvutwa kwa kidole kimoja.

Akasimama kwa adabu kama anavyosimamiwa mwalimu. Akanitazama usoni, vizuri, bila haraka, macho yake yamejaa maji.

"Ndaga, binti," alisema, akaninyooshea mkono. "Kwaheri ya kuonana."

Nikaushika.